Kutoka glasi hadi mate: jinsi maji yanavyolinda kinywa na mwili

Dereva wa lori anayesubiri zamu yake katika foleni ya mpakani Malaba anaweza kumaliza lita 2 za vinywaji kati ya asubuhi na magharibi na bado akalala na kinywa kikavu. Soda iko karibu na usukani, chai ya maziwa yenye sukari hununuliwa kila muuzaji apitapo na birika lake, na giza likiingia wapo wanaotafuna mairungi (miraa) ili wasisinzie. Ukihesabu lita peke yake, mtu huyu amekunywa vya kutosha. Ukiangalia meno yake, amejiweka katika hatari kubwa kuliko mwenzake aliyekunywa nusu ya kiasi hicho, mradi mwenzake alikunywa maji. Ushauri wa kunywa maji mengi, ambao husikika redioni na kubandikwa kwenye kuta za vituo vya afya kuanzia Busia hadi Arua, ni ushauri sahihi, lakini huacha maswali ya msingi bila jibu: maji yakishamezwa hufikaje tena kinywani, mwili huyagawaje yanapopungua, na kwa nini kinywa huwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kupunguziwa mgawo.

Mate hutoka kwenye damu

Mate tunayoyameza bila kufikiri hutengenezwa na jozi tatu za tezi kubwa, zilizo mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi, zikisaidiwa na mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa ndani ya midomo, mashavu na kaakaa. Kwa siku moja mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate, na takriban asilimia 99 ya mate hayo ni maji. Tezi huyavuta maji hayo kutoka kwenye mishipa midogo ya damu, huyachanganya na chumvi, protini na kinga, kisha huyamwaga kinywani. Kwa sababu hiyo kusukutua mdomo huondoa ukavu kwa dakika chache tu, ilhali mtu ambaye damu yake ina maji ya kutosha hukaa saa nzima bila kunywa chochote na ulimi wake usigande kwenye kaakaa.

Damu nayo hailegezi masharti. Mwili wa mwanamume wa kilo 70 una takriban lita 42 za maji, na mwili hulinda ukolezi wa chumvi katika maji hayo kwa ukali wa kustaajabisha. Ukolezi huo ukipanda kwa asilimia 1 au 2 tu, vihisio vilivyo katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huamsha kiu na kuachilia homoni ya vasopresini, ambayo hufika kwenye figo na kuzifanya zirudishe maji mwilini badala ya kuyaacha yatoke kwa mkojo. Wakati huohuo utoaji wa mate hupungua. Ubongo na moyo huendelea kupata damu yao kama kawaida, na kinywa huachwa kingoje. Ukavu unaousikia mchana wa jua kali ni sehemu ya kiu yenyewe, ishara ya mapema inayotokea kabla viungo vya ndani havijaanza kuumia.

Kinachopotea mate yakipungua huonekana vizuri zaidi mtu anapokunywa kitu kitamu. Bakteria wanaoishi kwenye ukoga, ule utando unaoshika meno, hula sukari na kutoa asidi. Miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani, Robert Stephan, alipima mabadiliko ya asidi juu ya meno baada ya watu kusukutua kwa maji ya sukari, akaonesha mchoro ambao wanafunzi wa udaktari wa meno huufundishwa hadi leo: ndani ya dakika chache kipimo cha pH, ambacho hushuka asidi inapoongezeka, huporomoka kutoka karibu 7 hadi chini ya 5.5, kisha hupanda polepole kwa muda wa nusu saa hadi saa moja. Chini ya 5.5 enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, huanza kupoteza kalisi na fosfeti. Kinachoirudisha pH juu ni mate, kwa kuwa yana baikaboneti inayozima asidi, yanasomba sukari kuelekea tumboni, na yamebeba kalisi na fosfeti ambazo hurudi kwenye jino lililoanza kulainika. Jino hupoteza madini na kuyarudisha mara nyingi kwa siku moja. Tundu hutokea pale ambapo upotevu umezidi urejeshaji kwa miezi au miaka.

Kuna njia mbili za kuuvuruga mzunguko huo, na dereva wetu wa Malaba anazitumia zote. Ya kwanza ni kunywa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Chupa ya mililita 300 ya kola ina takriban gramu 32 za sukari, karibu vijiko 8 vya chai, na pH yake ni kama 2.5. Akiimaliza pamoja na chakula cha mchana, kinywa chake hupambana na shambulio moja na kulimaliza. Akiivuta fundo moja kila robo saa tangu saa nne hadi saa tisa, kila fundo huishusha pH upya kabla mate hayajamaliza kazi ya fundo lililotangulia, na meno hukaa ndani ya asidi karibu mchana kutwa. Soda zisizo na sukari hupunguza chakula cha bakteria, ila asidi yake iko palepale.

Njia ya pili ni kuyazuia mate yenyewe, na hapo ndipo mairungi yanapoingia. Kemikali yake ya kathinoni huamsha mfumo uleule wa neva unaoamka mtu anapoogopa, ambao hukausha kinywa. Kisha uchungu wa majani humfanya mtafunaji atafute kitu kitamu cha kuuzimua, mara nyingi soda au kinywaji cha kuongeza nguvu. Sukari huongezeka saa ileile ambayo mate yamepungua. Walinzi wa usiku, madereva na vijana wa vijiweni wanaoshangaa kwa nini meno ya upande mmoja yanaharibika huku fizi zikitoka damu hawana haja ya kutafuta sababu ya mbali.

Sioni faida ya kumwambia Mganda aache chai ya maziwa. Hatasikia, na pengine hana sababu ya kusikia. Chai na kahawa huhesabiwa katika maji ya siku, kwa kuwa kafeini iliyomo katika vikombe vya kawaida haitoi maji mengi kuliko yale yaliyoingia nayo. Kinachosaidia ni kupunguza vijiko vya sukari, kuinywa pamoja na kitafunwa badala ya kuibeba kwenye chupa ya kuhifadhi joto siku nzima, na kumalizia kwa maji machache ya kusukutua na kumeza. Ushauri huohuo unawafaa wanaoanza siku kwa maji ya uvuguvugu yenye ndimu. Ndimu haiongezi unyevu wowote ambao maji hayana, na asidi yake hulainisha enameli, kwa hiyo asiyeweza kuiacha asipige mswaki mara tu baada ya kuinywa bali asubiri kama nusu saa.

Usiku, kufunga, na harufu ya kinywa

Wakati wa usingizi mate hupungua mno, hata yakakaribia kukoma. Chakula kilichobaki kati ya meno baada ya matoke ya jioni hukutana na bakteria wasio na wa kuwazuia, na hiyo ndiyo sababu ya kupiga mswaki kabla ya kulala kuwa na uzito kuliko kupiga mswaki asubuhi, ingawa wengi wetu tulilelewa kufanya kinyume. Baada ya mswaki wa usiku, kinywaji kinachofaa ni maji peke yake. Mtoto anayelala na chupa ya uji au maziwa yenye sukari mdomoni hupata madhara makubwa zaidi, kwani meno ya utotoni yana enameli nyembamba.

Harufu ya asubuhi nayo hutokana na ukavu huohuo. Bakteria wa nyuma ya ulimi huvunjavunja protini na kutoa gesi zenye salfa, ambazo mate ya mchana huzipunguza kwa kuosha na kuleta oksijeni. Mwezi wa Ramadhani hali hiyo huendelea mchana kutwa. Waislamu wa Bombo, Kibuli na Arua wanaijua vizuri hadithi isemayo kwamba harufu ya kinywa cha aliyefunga ni bora mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko miski, na kwa upande wa tiba hakuna sababu ya mfungaji mwenye afya kuogopa: mwili hupunguza mkojo na kusubiri. La kuangalia ni saa za kula. Anayefungulia kwa juisi tamu na soda, akalala, kisha akanywa glasi moja tu wakati wa daku, huianza siku akiwa na deni la maji. Maji yaliyogawanywa kidogo kidogo tangu futari hadi daku hubaki mwilini kuliko lita nzima iliyogugumiwa kwa mkupuo dakika kumi kabla ya alfajiri, ambayo sehemu yake kubwa figo huitoa asubuhi ileile.

Ukavu ambao maji hayauondoi

Mtu anayekunywa maji ya kutosha, mkojo wake ukiwa mweupe, na bado akashindwa kumeza mkate bila kusukumia kwa kinywaji, ana tatizo jingine. Dawa nyingi za kawaida hupunguza mate: za mzio, baadhi ya zile za shinikizo la damu, na za kutibu sonona au maumivu ya neva. Kisukari kisichodhibitiwa hukausha kinywa kwa kuwa sukari iliyozidi kwenye damu huvuta maji kwenda kwenye mkojo, na wakati mwingine kiu isiyoisha na safari za chooni usiku huwa dalili za kwanza za ugonjwa huo. Virusi vya Ukimwi vinaweza kuvimbisha tezi za mate zilizo mbele ya masikio, na kinywa kisicho na mate hupata utando mweupe wa fangasi kwa urahisi. Wagonjwa waliopigwa mionzi ya kutibu saratani ya kichwa au shingo, kama wale wanaohudumiwa katika Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, huweza kupoteza sehemu kubwa ya mate yao kwa miaka, na meno yao huoza kwa kasi wasipopewa floraidi na uangalizi wa karibu.

Kwa watu hawa maji ni ya kulowesha tu, na hayachukui nafasi ya kinga na madini ya mate. Mgonjwa asiache dawa yake kwa uamuzi wake mwenyewe, bali amweleze mhudumu wa afya aliyeiandika, kwani mara nyingi ipo dawa mbadala au saa tofauti ya kuimeza. Kutafuna huamsha tezi zilizobaki na nguvu, mradi kinachotafunwa kisiwe na sukari. Muwa, ambao huuzwa umekatwa vipande kando ya kila barabara, huleta mate na sukari kwa pamoja, na kwa kinywa kikavu sukari ndiyo hushinda.

Floraidi iliyotajwa hapo juu inahitaji maelezo yake, maana huja na maji pia. Ikiwa kidogo, hujiunga na madini ya jino na kulifanya livumilie asidi hadi pH ya karibu 4.5. Ikizidi wakati meno ya mtoto yanapojengwa ndani ya taya, huacha madoa meupe au ya kahawia yasiyofutika. Huko Kisoro, chini ya volkano za Muhabura na Mgahinga, baadhi ya vyanzo vya maji vimepimwa na kukutwa na floraidi inayozidi kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na madoa hayo ni ya kawaida kwa watu waliokulia huko. Kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki palepale. Familia za sehemu kama hizo hunufaika zaidi kwa kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya kuwanywesha watoto wadogo.

Ebiino: kinywa kinaposingiziwa

Hakuna mahali ambapo uhusiano wa maji na kinywa umeeleweka vibaya kwa gharama kubwa kuliko katika imani ya ebiino, yaani meno ya uongo. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, analia, anakataa ziwa. Bibi au jirani anamfungua mdomo, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, mahali ambapo meno ya chonge yatakuja kuota, na anatangaza kuwa ugonjwa umepatikana. Mtoto hupelekwa kwa mtu ambaye huupasua ufizi kwa spoku ya baiskeli, kisu au msumari na kukichokoa kijino ambacho bado ni laini. Mtaalamu wa magonjwa ya kinywa kutoka Denmark, Jens Pindborg, aliandika juu ya desturi hiyo miongoni mwa Waacholi mwaka 1969, na madaktari wa meno wa Uganda wameendelea kuikuta katika mikoa mbalimbali tangu wakati huo. Matokeo yake ni kuvuja damu, kuoza kwa kidonda, pepopunda, hatari ya kuambukizwa virusi kwa chuma kilichotumika kwa watoto wengi, na kwa walionusurika, chonge zisizoota au meno ya ukubwani yaliyopinda.

Uvimbe ule ni jino la kawaida linalosubiri wakati wake, na kila mtoto mwenye afya anao. Hukosewa kuwa ugonjwa kwa sababu hakuna anayeutafuta mtoto anapokuwa mzima. Kinachomwua mtoto anayeharisha ni maji na chumvi zinazotoka kuliko zinavyoingia, na dalili zake ziko kwingine: macho yaliyozama, utosi uliobonyea, kilio kisicho na machozi, nepi iliyokaa kavu kwa saa nyingi, ngozi ya tumbo ambayo ukiifinya hurudi polepole, ulimi na midomo iliyokauka. Mdomo ule uliofunguliwa kutafuta ebiino ulikuwa umebeba habari sahihi, ila aliyeutazama aliangalia ufizi na kuuacha ulimi.

Tiba yake ni rahisi kiasi cha kuwafanya watu waidharau. Utumbo wa mtoto anayeharisha hushindwa kufyonza maji peke yake, lakini una mlango maalumu unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na zikipita, maji huzifuata. Mwanasayansi Robert Crane alieleza utaratibu huo mwaka 1960. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, kipindupindu kilipozidi na maji ya kutundikiwa yakaisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Pakiti za ORS, yaani chumvi za kurudisha maji mwilini, zinazotolewa leo katika vituo vya afya na wahudumu wa afya wa vijiji, wale VHT, zimetokana na kazi hiyo. Pakiti isipopatikana, lita 1 ya maji safi iliyochanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, huokoa muda hadi kituo kifikiwe. Chumvi ikizidi hapo ni hatari, kwa hiyo kipimo kisikadiriwe kwa jicho. Zinki ya siku 10 hadi 14 hufupisha kuharisha, na kunyonyesha kuendelee.

Kuhusu kunyonyesha, mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji ya kunywa hata kama anaishi Moroto wakati wa kiangazi. Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 87, na kijiko cha maji anachopewa ili kumpoza kiu huchukua nafasi ya chakula tumboni mwake na huweza kumletea vijidudu vya kumharisha. Anayehitaji maji zaidi ni mama.

Sehemu nyingine za mwili

Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku na kurudisha zaidi ya asilimia 99 kwenye damu. Mtu akinywa kidogo, mkojo huwa mchache na mzito, na madini yaliyomo huweza kuganda na kuwa mawe. Utafiti wa Kiitalia uliochapishwa mwaka 1996 uliwafuatilia kwa miaka 5 watu waliowahi kupata mawe ya figo: walioshauriwa kunywa hadi watoe angalau lita 2 za mkojo kwa siku walipata mawe mapya kwa asilimia 12, na wenzao kwa asilimia 27. Kwa wanawake wanaosumbuliwa mara kwa mara na maambukizi ya njia ya mkojo, utafiti wa mwaka 2018 ulionesha kwamba lita 1.5 za ziada kila siku zilipunguza matukio kutoka wastani wa 3.2 hadi 1.7 kwa mwaka. Choo kigumu na maumivu ya kichwa ya mchana navyo hupungua kwa wale waliokuwa wakinywa kidogo mno. Aliyekuwa akinywa vya kutosha asitarajie muujiza.

Kundi ambalo Uganda ina sababu ya pekee ya kulitazama ni la wagonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Upimaji wa watoto wachanga kutoka kote nchini, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, ulikuta takriban asilimia 13 wamebeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja, na karibu asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Chembe nyekundu za mgonjwa hujikunja haraka zaidi zikipungukiwa na maji, huziba mishipa midogo na kuleta yale maumivu makali ya mifupa. Figo zake nazo hupoteza mapema uwezo wa kukoleza mkojo, hivyo hupoteza maji hata siku ambayo hana ya kutosha. Mwanafunzi wa namna hiyo anapaswa kuruhusiwa chupa ya maji juu ya dawati na kwenda chooni bila kuomba mara tatu, na mwalimu anayemchukulia kuwa mdekaji anamkaribisha kitandani hospitalini.

Wazee husahaulika kwa sababu tofauti. Kiu hufifia kadiri umri unavyoongezeka, kwa hiyo babu anaposema hana kiu anasema kweli, na bado anaweza kuwa amepungukiwa. Ukiongeza vidonge vya shinikizo la damu vinavyotoa maji na meno ya bandia yasiyokaa vizuri kwenye kinywa kikavu, utaelewa kwa nini anakula kidogo. Kikombe apewe kwa saa maalumu, kama anavyopewa dawa.

Ni kiasi gani, basi?

Hesabu ya glasi 8 kwa siku mara nyingi hufuatiliwa hadi mapendekezo ya Marekani ya mwaka 1945, yaliyotaja takriban lita 2.5 kwa mtu mzima na kuongeza papo hapo kwamba sehemu kubwa ya kiasi hicho imo ndani ya chakula. Nyongeza hiyo ilisahaulika njiani. Mwaka 2010 Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilitaja lita 2 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanamume, ikijumlisha vinywaji na chakula, kwa hali ya hewa ya wastani. Kampala, iliyo kwenye mwinuko wa kama mita 1,200, haina joto la kutisha siku nyingi, na mfanyakazi wa ofisini anayekula matoke yenye mchuzi, nanasi na tikitimaji, ambalo ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, hupata sehemu nzuri ya mahitaji yake sahanini. Mfyatua matofali wa Kasese au mwendesha boda boda wa Gulu mwezi wa Januari huweza kutoa jasho la lita nzima kwa saa moja ya kazi ngumu, na hesabu ya glasi 8 haimhusu hata kidogo.

Kipimo kinachomfaa kila mtu ni mkojo wake. Ukiwa wa rangi ya manjano hafifu, maji yanatosha; ukiwa wa rangi ya chai ya rangi na mchache, hayatoshi, isipokuwa kwa anayetumia dawa ya kifua kikuu aina ya rifampisini, ambayo huugeuza kuwa wa machungwa au mwekundu kwa namna yoyote. Kupitiliza nako kuna madhara. Figo haziwezi kutoa zaidi ya takriban lita 1 kwa saa, na maji yakizidi hapo huzimua sodiamu ya damu na kuvimbisha ubongo. Wakimbiaji waliopimwa damu mwishoni mwa mbio za marathoni za Boston mwaka 2002 walikutwa na sodiamu ya chini kwa asilimia 13, wengi wao wakiwa wamekunywa kupita kiasi. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo afuate kipimo cha daktari wake na kupuuza makala zote, hii ikiwemo.

Kwa wengi hapa nchini, hata hivyo, maarifa hayakuwahi kuwa ndiyo kizuizi. Maji lazima kwanza yawe salama: yakitokota kwa dakika 1 yanatosha, na palipo juu ya mita 2,000, kama baadhi ya vilima vya Kigezi na miteremko ya Elgon, dakika 3, kwa kuwa huko huchemka kwenye joto la chini zaidi. Yahifadhiwe katika chombo chenye mdomo mwembamba au bomba, kwa sababu kikombe kinachotumbukizwa na mkono ndani ya ndoo huyachafua upya. Kuni na makaa ni gharama, na pale ambapo hazipatikani vidonge vya klorini hufanya kazi hiyo kwa bei ndogo.

Kizuizi kingine hakitajwi sana, nacho ni choo. Wauzaji wa masoko ya Owino na Nakasero, hasa wanawake, wasichana wa shule zenye vyoo visivyo na milango, na makondakta wanaokaa barabarani kutwa, hupanga kwa makusudi kunywa kidogo kwa kuwa hawana pa kujisaidia, au kwa kuwa kila safari ya chooni hulipiwa na humlazimu mtu kuacha bidhaa zake mikononi mwa jirani. Kwa mtu wa namna hiyo njia inayowezekana ni kunywa glasi mbili mara tu anapoamka, zikapita kabla hajaondoka nyumbani, kisha kulowesha kinywa kwa mafundo machache ya maji wakati wa kazi badala ya soda, na kunywa kiasi kilichobaki jioni, kama muda wa saa mbili kabla ya kulala, baada ya hapo mswaki.